Pedi Mbovu na Haki ya Aliyefungwa

Katika mabanda ya gemu ya Dar es Salaam kuna sheria moja isiyo na rufaa: anayefungwa analipa. Mshindi anabaki kwenye benchi, anayesubiri zamu anasogea, na hela inatoka mfukoni mwa aliyeinuka. Ndiyo maana bao la dakika ya 88 huzaa kesi palepale, na kesi hiyo ina utetezi mmoja unaojulikana kuanzia Tandika hadi Manzese: pedi mbovu. "Nimebonyeza pasi, haikutoka!" "Nimemkimbiza, kasimama kama mlingoti!" Watu hucheka. Mwenye banda hanyanyui hata macho. Mlalamikaji hulipa huku akiapa kwamba siku nyingine atakuja na pedi yake.

Kwa miaka mingi nimekuwa upande wa wanaocheka. Nilihama Jumapili moja, katika banda lililo jirani na ninapoishi, nikiwa naongoza kwa bao moja dhidi ya kijana ambaye ningeweza kumzaa. Mara tatu nilibonyeza pasi. Mara tatu beki wangu akabaki ameuganda mpira, na mara ya tatu akanyang'anywa, tukawa sare. Wakati wa mapumziko nilimwomba yule kijana tubadilishane pedi. Alinitazama kwa heshima yote inayostahili umri wangu.

"Shikamoo mzee," akasema. "Lakini hapana."

Nilifungwa, nikalipa, nikainuka. Ila sikuondoka. Nilimwomba mwenye banda anipe ile pedi niipeleke kwa fundi kwa gharama yangu, naye akanipa haraka mno, nikajua kuwa ugonjwa wake alikuwa anaufahamu siku nyingi.

Kabla sijaendelea, tuelewane kuhusu neno. Mtaani kifaa hiki ni pedi, na atakayeingia dukani kuulizia pedi bila kufafanua anaweza kuelekezwa kwenye rafu ya taulo za kike. Mpwa wangu lilimkuta hilo, na tangu siku hiyo husema "pedi ya PS" kwa sauti ya juu hata akiwa nyumbani. Wapo wanaopendekeza "kidhibiti", neno safi kabisa la kamusi, lakini sijawahi kumsikia mtu akifungwa mabao manne akalalamika kwamba kidhibiti chake kina hitilafu. Vitufe navyo mtaani ni batani. Mimi nitabaki na pedi na vitufe.

Nyumbani usiku ule nilijiona naweza. Mgongoni mwa pedi ya PS4 kuna skrubu nne tu, za kichwa cha nyota, na bisibisi ndogo ninayo. Skrubu zikatoka. Nikaingiza kucha kwenye mshono, maganda mawili yakaachana kwa mlio wa kitu kinachovunjika, mlio ambao baadaye niliambiwa ndio wa kawaida yake. Hapo yakatokea mawili kwa mpigo. Ganda la nyuma lilikuwa bado limeshikwa na ule waya bapa ambao mafundi huuita fleksi, unaounganisha bodi na kipande chenye tundu la chaji. Ningevuta kidogo tu zaidi, ningeukata. Na kutoka chini ya L2 springi ndogo kuliko ya kalamu ikaruka, ikagonga kioo cha kabati, ikapotea. Tuliitafuta mimi na mpwa wangu kwa tochi ya simu mpaka saa nne usiku. Naamini imo humohumo ndani hadi leo.

Kwa hiyo nilifika kwa fundi, Kariakoo, nikiwa na pedi ndani ya mfuko wa kaki kama mtu aliyetoka kununua karanga. Meza yake imejibana ubavuni mwa duka la vioo vya simu, na juu yake kuna taa, kikuzio, chupa ya spiriti, na kopo kubwa la maziwa ya unga ambalo tutalirudia. Alimwaga vile vipande mezani, akavihesabu kwa macho.

"Mzee, hii kaifungua nani?"

"Dogo mmoja pale nyumbani," nikasema.

Hakuniuliza pedi ina tatizo gani. Aliuliza bandani wanacheza nini. Nikamwambia FIFA, maana bandani jina hilo halijafa ingawa tangu mwaka 2023 gemu yenyewe inatoka kwa jina la EA Sports FC. "Basi X na R2," akasema, na hapo hata hajagusa kitu. Wangekuwa ni watu wa Winning, angesema X, mraba na R1.

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nivute kigoda nikae. Ukiwaza kidogo utaona fundi hakubahatisha. Kwenye FIFA, kwa mpangilio gemu inaokuja nao, pasi fupi ni X, shuti ni duara, na kukimbia ni kuishikilia R2. Kwenye Winning, ile ambayo kasha lake huku kwetu liliandikwa Pro Evolution Soccer, pasi ni X vilevile, lakini shuti ni mraba na mbio ni R1. Dole gumba la kulia na kidole cha shahada cha kulia ndivyo vinavyocheza mechi. Vingine vyote ni wasindikizaji. Pedi ya banda inazeeka kwa ramani ya gemu inayochezwa pale, na fundi aliyezoea anaisoma ramani hiyo kinyumenyume: mpe pedi iliyokufa mraba na R1, atakuambia imetoka kwenye banda la namna gani. Pembetatu hubaki mpya siku zote. Ni ya pasi ya kupenyeza, na wachezaji wengi wa mabandani hawana subira ya kumpenyezea mtu.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme mchezaji anabonyeza X mara kumi kwa dakika, na huyo ni mchezaji mvivu. Banda linalofunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa nne usiku lina dakika 720. Hiyo ni mibonyezo 7,200 kwa siku, na mwaka ukizunguka imevuka milioni mbili na nusu, kwenye kitufe kimoja cha pedi moja. Mtoto anayecheza nyumbani saa moja kila jioni, kwa mwendo uleule, atahitaji miaka 12 kuifikisha. Anayenunua pedi iliyotumika akaambiwa "ina mwaka mmoja tu" angeuliza kwanza mwaka huo ilikaa wapi.

Sasa, kinachochakaa ni nini hasa? Nilidhani ni kitufe chenyewe. Kitufe ni plastiki tupu, hakina umeme wala waya, na kwa kawaida ndicho cha mwisho kuharibika. Chini yake ndiko kwenye kazi. Kuna kipande cha mpira laini wa silikoni chenye vinundu mithili ya vikombe vilivyofunikwa, kimoja kwa kila kitufe, na ndani ya kila kikombe kumebandikwa kidonge cheusi cha kaboni. Chini ya kidonge kuna njia mbili za umeme zilizochorwa zikipishana kama vidole vya mikono miwili, karibu kabisa lakini bila kugusana. Unapobonyeza, kikombe kinabonyea ghafla, kaboni inazilalia njia zote mbili, umeme unapita, na bodi inajua kwamba umeomba pasi. Unapoachia, mpira unainuka kwa nguvu zake wenyewe na kukirudisha kitufe juu. Ule mguso mtamu ambao dole gumba hulihisi, kama kitu kinachokatika kidogo, ni kikombe kinapobonyea. Inachekesha kuwa mchezo wa mpira unategemea mpira, ila si ule unaouona kwenye kioo.

Rimoti ya televisheni imejengwa kwa mtindo uleule, kwa hiyo fundi wa rimoti tayari ni nusu fundi wa pedi. Wengi wetu tumekulia nyumba ambazo baba aliifungua rimoti, akakata vipande vya karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akavigandisha kwenye vidonge vyeusi vilivyochakaa, na taarifa ya habari ikarudi. Wengine walisugua penseli, kwa sababu risasi ya penseli ni grafiti, nayo ni kaboni inayopitisha umeme. Mbinu hizo zimeingia kwenye pedi pia, na hapa nina maoni yangu. Kwenye rimoti karatasi ya fedha inatosha, maana kitufe cha sauti kinabonyezwa mara chache kwa siku. Kwenye pedi hudumu siku chache. Gundi inaachia, kipande kinateleza, na kikilalia njia zote mbili bila kuondoka utakuwa na mchezaji anayepiga pasi mwenyewe mfululizo, hata ukiwa umeiweka pedi chini ukaenda kunywa maji. Penseli nayo hufutika baada ya mechi mbili tatu. Ni matibabu ya Jumamosi usiku wakati duka limefungwa.

Wataalamu wenyewe waliwahi kujikwaa kwenye mpira. Nintendo ilipotoa Famicom nchini Japani, Julai 1983, pedi zake za kwanza zilikuwa na vitufe A na B vya mraba, vya mpira mtupu, bila plastiki juu. Vikawa vinazama na kunasa pembeni, vinakataa kurudi. Kampuni ikaachana navyo, ikaweka vya duara vya plastiki ngumu, na umbo hilo limebaki mpaka leo: duara halina kona ya kunasia. Kile kitufe cha msalaba cha upande wa kushoto kilikuwa tayari kimebuniwa na Gunpei Yokoi wa kampuni hiyohiyo kwa ajili ya kigemu cha mkononi cha Donkey Kong cha mwaka 1982. Waliocheza zile gemu za kaseti miaka ya tisini, nakala za Famicom zilizojaa Afrika Mashariki, waliushika urithi huo bila kuujua, pamoja na malengelenge yake kwenye dole gumba la kushoto.

Alama za Sony zina kisa chake. Teiyu Goto, aliyesanifu PlayStation ya kwanza iliyoingia sokoni Desemba 1994, alieleza kwamba hakutaka herufi kama walivyofanya wengine. Pembetatu aliichukulia kama mtazamo, kichwa cha mtu kinachoelekea mahali. Mraba ulikuwa karatasi, yaani menyu. Duara na msalaba vilikuwa ndiyo na hapana. Kwa Wajapani duara ni sahihi, msalaba ni kosa. Huku kwingine X ikageuzwa kuwa ndiyo, na kwa zaidi ya miongo miwili kitufe kilichobuniwa kukataa kimekuwa kikikubali kila kitu, mpaka PS5 ilipotoka mwaka 2020 na X ikawa ndiyo hata Japani. Fundi wangu alipoisikia habari hii alitikisa kichwa. Ndiyo maana inakufa kwanza, akasema. Imefanyishwa kazi isiyo yake.

Turudi mezani. Kila kizazi cha pedi kina kifo chake, na fundi anapovitaja anavitaja kama mzee anayekumbuka ndui na surua. Pedi za PS2 zilikuwa na jambo ambalo wachezaji wengi hawakulijua: vitufe vyake vilipima nguvu ya dole, ngazi 256 kutoka kuguswa tu hadi kukandamizwa kabisa, kwa sababu kadiri kaboni inavyokandamizwa ndivyo umeme unavyopita kwa wepesi zaidi. Kwenye gemu za magari kama Gran Turismo uliweza kukanyaga mafuta nusu. Basi kaboni ikichakaa, kitufe hakifi moja kwa moja, kinadhoofika. Bodi inasoma nusu wakati dole limetoa yote, gari halifiki mwendo wake, na mwenye pedi anaisingizia gemu.

PS3 ilikuwa na ugonjwa wa ajabu zaidi. Njia za vitufe vyake hazikuchorwa kwenye bodi, zimechorwa kwenye karatasi nyembamba ya plastiki, na karatasi hiyo inakutana na bodi kwa kubanwa tu na kipande cha sponji. Sponji ikizeeka inalala, mbano unalegea, na vitufe vinaanza kujibonyeza: menyu zinafunguka, kocha anabadilisha wachezaji, mtu ameketi mikono mitupu. Bandani walisema ina jini. Jini hilo lilitolewa kwa karatasi iliyokunjwa mara mbili au mkanda wa gundi uliowekwa juu ya sponji ili kuinyanyua nusu milimita. Sijui kazi nyingine ya ufundi yenye uwiano kama huo kati ya kilio na dawa.

Pedi ya PS4, ile niliyoileta, nayo ina mpira juu na karatasi ya njia chini. Fundi aliikamilisha kazi niliyoianza vibaya, na nilikaa kimya nijifunze. Kwanza alichomoa plagi ya betri. Hakuivuta kwa nyaya, aliinyanyua kwa kucha kidogo kidogo huku na huku. Betri hiyo ni ya lithiamu, na bisibisi ikiitoboa inaweza kuwaka moto, kwa hiyo akaiweka mbali na vyuma. Akatoa kibeba betri, akafungua skrubu moja inayoishika bodi, akainua bodi na vijiti vyake vyote kama anayempindua mtoto aliyelala. Kabla hajafungua upande wa L2 na R2 aliweka kiganja juu. Hapo ndipo nilipoelewa springi yangu ilikoponyokea.

Mpira ukatoka. Aliushikilia mbele ya taa nione. Vikombe vitatu vilikuwa vizima. Cha X kilikuwa kimechanika nusu duara kwenye shina, ndiyo maana hakikurudi juu kwa wakati, na kidonge chake kilichokuwa cheusi kilikuwa kimegeuka kijivu kinachong'aa. Kwenye karatasi ya njia, chini yake, kulikuwa na duara la uchafu wa kahawia.

"Soda," akasema fundi. "Na mafuta ya chipsi. Banda gani linauza chipsi nje?"

Nikamwambia yote yanauza.

Soda ina tabia moja mbaya: maji yanakauka, sukari inabaki. Kitufe kinanata, kinashuka vizuri lakini kinapanda kwa kuvutwa, na mchezaji huzidisha nguvu, na nguvu ndiyo inayochana mpira. Kwa hiyo pedi nyingi zinazoletwa kama mbovu hazihitaji kubadilishiwa chochote. Zinahitaji spiriti na pamba ya masikio, kusugua taratibu pale njia zilipo, kufuta mpira, kuosha vitufe vyenyewe kwa maji na sabuni, kukausha, kufunga. Spiriti, narudia, ile safi inayokauka haraka. Nimeona mafundi wanaotumia petroli au thina kwa sababu inang'arisha upesi. Thina inakula plastiki, inaiacha na ukungu mweupe na mipasuko midogo, na petroli huvimbisha mpira. Ukiona fundi anaichukua chupa ya thina, ichukue pedi yako.

Mpira ukishachanika hauna gundi. Unabadilishwa, na habari njema ni kwamba ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo ndani ya pedi. Mpira na karatasi ya njia huuzwa kwa seti, lakini hapa ndipo watu wanapopoteza hela zao: pedi za PS4 zinafanana kwa nje na zinatofautiana kwa ndani. Bodi ina maandishi, JDM na namba baada yake, kama 001, 011, 030, 040, na karatasi ya njia ya namba moja mara nyingi haikai kwenye namba nyingine. Anayenunua mtandaoni kabla ya kufungua ananunua kwa kubahatisha. Fungua, soma, piga picha, ndipo ununue.

Na mpira mpya si lazima uwe bora kuliko wa zamani. Seti nyingi za sokoni zina mpira mgumu zaidi. Kitufe kinashuka kama kinashuka juu ya kifutio, na siku za mwanzo dole gumba linachoka. Fundi wangu hupendelea mpira uliotoka kwenye pedi orijino iliyokufa kwa sababu nyingine, bodi iliyoungua, kwa mfano, au iliyoangushwa kwenye ndoo ya maji. Pedi tatu zilizokufa humpa moja iliyo hai na mabaki ya kutosha kuponya nyingine mbili. Ukipita mezani kwake utadhani ni lundo la takataka. Ni stoo.

Kwa pedi zisizo za Sony sitasema mengi. Za Xbox hutumia skrubu za nyota ya pembe sita zenye kinundu katikati, mojawapo imefichwa chini ya stika ndani ya chumba cha betri, na ambaye hajui hilo hulivunja ganda akidhani limegandishwa. Vijiti vinavyojiendesha vyenyewe, vile vinavyomfanya mchezaji aende kushoto bila kuombwa, ni kesi nyingine kabisa. Vimelehemiwa kwenye bodi kwa pini zaidi ya kumi, vinataka moto na mkono uliotulia, na si kazi ya kujifunzia kwenye pedi ya mtu.

Wapo watakaouliza kwa nini kuhangaika, pedi mpya si zipo? Zipo. Zipo orijino ambazo bei yake inamfanya mwenye banda ahesabu upya wiki yake, na zipo nakala za bei nafuu zilizojaa kwenye maduka yaleyale, boksi linafanana, alama zinafanana, mpaka uishike na kuhisi ilivyo nyepesi. Sizidharau nakala; nimezitumia. Lakini mpira wa ndani mara nyingi ni mwembamba na unachanika mapema, na wenye mabanda wanaonunua nakala mbili kila baada ya muda mfupi huku orijino mbili zikioza kwenye kabati kwa kukosa kipande cha mpira, hao hesabu yao siielewi.

Kuna njia ya kuponea bila kufungua chochote. Kwenye mipangilio ya PS4, sehemu ya ufikivu, kazi ya kitufe kimoja huweza kuhamishiwa kwingine: pasi ikatoka X ikaenda, tuseme, kwenye pembetatu ambayo haina kazi nyingi. Nyumbani inasaidia wiki mbili ukisubiri mpira. Bandani usithubutu. Atakayeshika pedi baada yako atafungwa matatu kabla hajagundua, na safari hii utetezi wake utakuwa wa kweli kabisa.

Kujua kama utetezi ni wa kweli kumbe ni rahisi, na mabanda yangeepuka ugomvi mwingi. Pedi ikichomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB, kuna kurasa za kivinjari zinazoonyesha kila kitufe kinavyosomeka. Unabonyeza X mara ishirini unahesabu ngapi zimeingia. Nilipoijaribu pedi ile kwa fundi kabla ya mpira kubadilishwa, ziliingia kumi na tatu. Nilitamani kuyachapa matokeo hayo niyabandike mlangoni pa banda.

Kazi ilikuwa karibu imalizike ilipojitokeza shida ambayo hatukuitarajia. Fundi alishapata mpira wenye namba inayofaa, alishanipa springi ya L2 kutoka kwenye pedi nyingine bila kunitoza, na alikuwa anarudisha vitufe mahali pake vikiwa vichwa chini. Kila kitufe kina vijino vyake pembeni vinavyoingia kwenye nafasi zake peke yake, ili X isije ikakaa nyumbani kwa duara. Cha X kilikataa kukaa. Aligeuza, akakuta ukingo wake umepasuka na jino moja halipo. Kuna siku, baada ya bao fulani, mtu aliibamiza pedi ile chini.

Akavuta kopo la maziwa ya unga, akalimwaga mezani. Sijawahi kuona vitufe vingi kiasi kile kwa wakati mmoja, vya PS2, vya PS3, vya PS4, mia na zaidi, vikaviringika mpaka ukingoni. Tukaanza kuchambua, mimi upande huu, yeye upande ule. Pembetatu. Pembetatu. Mraba. Pembetatu. Duara moja lililopauka. Pembetatu. Kila X iliyowahi kuingia kwenye kopo lile ilishatoka. Robo saa nzima hatukupata hata moja inayoingia kwenye PS4.

Fundi alinitazama, akaitazama saa, akachukua pembetatu moja safi kabisa, akaichonga jino kwa wembe, akaijaribu, akachonga tena, ikakaa. Akafunga skrubu nne. Tukaijaribu kwenye kompyuta: ishirini kwa ishirini.

Jioni ile niliirudisha. Mwenye banda aliigeuza mkononi, akaona alama mbili za kijani, moja juu na moja chini, akaguna, akaichomeka. Vijana wawili wakaketi. Aliyeipata hakuitazama hata mara moja.